Wissmann: Aliyechukia biashara ya watumwa, akaiteka nchi

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

MSAFIRI anayetoka Sumbawanga kwa barabara ya Matai kwenda Zambia hufika Kasesya, kituo cha mpakani katika Wilaya ya Kalambo, mkoani Rukwa. Upande wa pili ni njia ya kwenda Mbala, mji ambao Waingereza waliuita Abercorn. Huku na kule wanaishi Wamambwe na Walungu, watu wa ukoo mmoja na lugha moja, ambao kwenda kumzika ndugu huweza kumaanisha kuingia nchi nyingine.

Mstari unaowatenganisha ulikubaliwa mjini Berlin Julai 1, 1890, katika mkataba baina ya Uingereza na Ujerumani. Hakuna Mmambwe aliyeulizwa. Waliotia saini hawakuwahi kuiona nchi hiyo.

Yupo hata hivyo Mjerumani mmoja aliyeijua kwa miguu yake, ambaye miaka mitatu kabla ya mkataba alikuwa amepita kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa akiwa mgonjwa na mchovu. Ni yeye pia ambaye kwa bunduki zake aliifanya Ujerumani iwe na kitu cha kugawana pale mezani. Jina lake ni Hermann Wissmann, Kamishna wa kwanza wa Dola ya Ujerumani katika Afrika Mashariki, na baadaye Gavana.

Wissmann alizaliwa Septemba 4, 1853, katika mji wa Frankfurt ulio kando ya Mto Oder, mashariki ya Ujerumani. Alisomea uaskari tangu ujana na kupata uluteni mwaka 1874. Hakuwa mtu mtulivu. Alipokuwa katika kikosi kaskazini ya nchi hiyo aliingia katika ugomvi wa kupigana kwa silaha ana kwa ana, akahukumiwa kifungo cha miezi kadhaa ngomeni huko Magdeburg.

Kilichomtoa katika maisha ya kambini ni kukutana na Paul Pogge, mpelelezi aliyekuwa amekwisha kufika katika nchi ya Walunda, kusini ya Kongo. Pogge alimkubali awe mwenzake katika safari mpya, na mwaka 1881 wawili hao waliondoka pwani ya Angola kuelekea mashariki. Mwaka uliofuata walifika Nyangwe, soko kubwa la Waarabu na Waswahili katika Mto Lualaba. Pogge alirudi alikotoka. Wissmann akaendelea mbele, akavuka Ziwa Tanganyika, akapita Ujiji na kuonana na Mirambo, mtawala wa Wanyamwezi aliyeogopwa kote katika njia ya misafara. Novemba 1882 alitokea Saadani, katika Bahari ya Hindi, akawa Mjerumani wa kwanza kulivuka bara la Afrika kutoka magharibi hadi mashariki.

Katika safari hiyo alipita nchi ya Wabeneki, jamii ya Wasongye wa Kongo, ambayo hakuisahau maisha yake yote. Aliona vijiji virefu ambavyo kuvipita kulichukua saa nzima na zaidi, nyumba safi zilizojipanga kando ya njia pana, migomba na michikichi, mafundi wa vyuma na wafumaji. Watu walikuwa wengi mno. Aliporudi katika nchi hiyo miaka michache baadaye, alikuta majani yameota katika njia zilezile, nguzo za nyumba zimeungua, na mafuvu ya vichwa njiani. Wawindaji wa watumwa wenye bunduki walikuwa wamepita, na nyuma yao ndui na njaa vikamaliza waliobaki.

Safari hiyo ya pili ilianzia katika kazi aliyoifanya kwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ambaye alimwajiri kuchunguza Mto Kasai na mito inayoingia humo. Mwaka 1884 Wissmann na wenzake walianzisha kituo cha Luluabourg, mji ambao leo unaitwa Kananga. Kutoka huko aliondoka mwaka 1886 kwenda Nyangwe, lakini safari hii hakuweza kushika njia aliyoitaka. Wakuu wa biashara ya pembe na watumwa walikuwa wamewachoka Wazungu, na hali ilikuwa ya hatari. Aliteremka Ziwa Tanganyika kuelekea kusini, akapanda nyanda za juu, na kushika njia ya kwenda Ziwa Nyasa.

Njia hiyo ndiyo iliyoitwa Barabara ya Stevenson, kwa jina la James Stevenson, tajiri wa Scotland aliyetoa fedha ili maziwa hayo mawili yaunganishwe. Haikuwa barabara kama tunavyoifahamu leo. Sehemu kubwa ilibaki kichochoro cha wapagazi, na palipokatwa miti palirudi kuwa pori baada ya masika mbili. Lakini kwa Waingereza ilikuwa na thamani kubwa, maana ndiyo iliyounganisha misheni na maduka yao ya Nyasa na yale ya Tanganyika. Mwaka 1890 walipokaa na Wajerumani, walihakikisha mstari wa mpaka unapita kaskazini yake, hadi mdomo wa Mto Kalambo. Ndiyo sababu ya Mbala kuwa Zambia na Matai kuwa Tanzania, na maporomoko ya Kalambo, yenye urefu wa zaidi ya mita 200, kuwa mali ya nchi zote mbili.

Wissmann alifika Quelimane, pwani ya Msumbiji, Agosti 1887. Afya yake ilikuwa imevunjika, akaenda kupumzika katika kisiwa cha Madeira. Alikuwa na umri wa miaka 33, naye amelivuka bara mara mbili.

Wakati akiuguza mapafu yake, Afrika Mashariki ilikuwa inachemka. Kwa mkataba wa Aprili 1888, Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikodisha pwani ya Mrima kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Agosti mwaka huohuo maofisa wa kampuni walishuka katika bandari kutwaa ushuru na kupandisha bendera yao. Pangani, ofisa aliyeitwa Emil von Zelewski aliwatendea watu kwa dharau iliyowaudhi hata waliokuwa tayari kukaa naye. Pwani nzima ikawaka, kutoka Tanga hadi Mikindani. Abushiri bin Salim al-Harthi aliongoza Pangani na Bagamoyo, naye Bwana Heri alishika Saadani. Katika muda wa wiki chache kampuni ilibaki na Bagamoyo na Dar es Salaam tu.

Kansela Bismarck hakupenda kutumia fedha za serikali kuokoa wafanyabiashara. Bunge la Ujerumani nalo halikuwa na hamu. Ila kulikuwa na neno moja lililoweza kufungua mifuko, nalo ni utumwa. Makanisa ya Ulaya, yakiongozwa na Kardinali Lavigerie, yalikuwa yanahubiri dhidi ya biashara hiyo, na vita ya kuirudishia kampuni bandari zake ikaelezwa kuwa vita ya kuwakomboa watumwa. Januari 30, 1889, Bunge liliidhinisha mark milioni mbili. Mtu aliyechaguliwa kuongoza alikuwa Wissmann, ambaye aliweza kusimama mbele ya wabunge na kueleza aliyoyaona katika nchi ya Wabeneki.

Ni vigumu kusema kwamba alidanganya. Aliyoyaona aliyaona kweli, na wafanyabiashara wa watumwa hawakuwa watu wa kubuniwa. Lakini wengi wa waliokuwa wakimngoja pwani na bunduki walikuwa wanatetea miji yao, ushuru wao na heshima yao, na katika karatasi za Berlin wote walipewa jina moja la wauza watumwa.

Jeshi lake lilikuwa jambo jipya. Maofisa na manaibu wao walikuwa Wajerumani wachache. Askari aliwapata Cairo, Wasudani wapatao 600 waliokuwa wameachwa bila kazi na jeshi la Misri, na wengine aliwachukua Msumbiji, ambao Wajerumani waliwaita Wazulu. Kikosi hicho ndicho mwaka 1891 kilichofanywa kwa sheria kuwa jeshi la ulinzi la koloni. Neno askari, ambalo Waswahili walikuwa nalo siku zote, likapata maana mpya ya mtu mwenye sare ya serikali.

Mei 8, 1889, Wissmann alishambulia boma la Abushiri karibu na Bagamoyo na kulivunja kwa mizinga. Juni aliitwaa Saadani, Julai Pangani na Tanga. Abushiri alirudi bara, akashambulia kituo cha Wajerumani cha Mpwapwa, na Wissmann akapanda kwenda huko kujenga ngome. Vita haikuwa ya siku moja, na vijiji vilivyotoa chakula kwa wapinzani vilichomwa.

Desemba 4, 1889, Wissmann alipokuwa Bagamoyo, aliwasili Henry Morton Stanley akimleta Emin Pasha, gavana wa Ikweta aliyekwenda kumwokoa. Wajerumani walifanya karamu kubwa. Emin, ambaye macho yake yalikuwa mabovu, alitoka nje usiku huo kwa kupitia dirisha la ghorofani akidhani ni mlango, akaanguka barabarani na kuvunjika vibaya. Siku 11 baada ya karamu hiyo, Desemba 15, Abushiri aliyekuwa amekamatwa na kukabidhiwa kwa Wajerumani alinyongwa Pangani.

Bwana Heri alisalimu amri Aprili 1890 na kuachwa hai. Mwezi uliofuata majeshi yalishuka kusini na kuziteka Kilwa, Lindi na Mikindani. Watu wa pwani hawakungoja Wazungu wawaandikie habari hizo: Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi mrefu kuhusu vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, na hadi leo ni moja ya kumbukumbu kubwa za upande wa walioshindwa.

Mfalme wa Ujerumani alimpandisha Wissmann kuwa bwana mwenye cheo cha ukoo, na tangu hapo akaitwa von Wissmann. Februari 1891 alipiga vita vyake vya mwisho akiwa Kamishna, dhidi ya Mangi Sina wa Kibosho, Kilimanjaro. Lakini alipotazamia kuwa gavana, nafasi hiyo alipewa Julius von Soden, mtu wa kalamu na mahesabu. Wissmann alikuwa ametumia fedha nyingi kuliko alizopewa, na Berlin haikufurahi.

Akageukia maziwa. Wazo lilikuwa kupeleka meli ya chuma yenye mzinga katika maziwa makuu ili kuwakatia njia wasafirishaji wa watumwa. Fedha zilipatikana kwa michango na bahati nasibu iliyochezwa Ujerumani. Mwanzoni meli ilikusudiwa Ziwa Victoria, lakini ilipohesabiwa idadi ya wapagazi watakaohitajika kuibeba vipandevipande kutoka pwani, mpango ulibadilishwa. Ilipitishwa katika mito ya Zambezi na Shire, ikaunganishwa, na mwaka 1893 meli ya Hermann von Wissmann ilianza kazi Ziwa Nyasa.

Mwaka huohuo yeye mwenyewe aliongoza kikosi kutoka Nyasa kwenda Tanganyika, akapita tena katika nyanda ambazo sasa zilikuwa zimegawanywa kwa wino. Alikwenda kupambana na misafara ya watumwa pamoja na watawala waliokula nayo. Kwa wakazi wa Ufipa, waliokuwa chini ya falme za Nkansi na Lyangalile, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa nguvu za Berlin kukaribia hivyo. Waliokuja baada yake walikuja kukaa. Walijenga boma Kasanga, juu ya ziwa, wakaliita Bismarckburg, na Ufipa ikatawaliwa kutoka hapo.

Mwaka 1894 Wissmann alioa. Mkewe, Hedwig, alikuwa binti wa Eugen Langen, tajiri wa viwanda wa Cologne. Mwaka 1895 hatimaye alipata aliyoyangoja, akateuliwa Gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, wa tatu baada ya Soden na Schele.

Ugavana wake ulidumu mwaka mmoja na miezi kadhaa tu. Kwa upande wa Kilwa alikabiliana na Hassan bin Omari Makunganya, aliyekuwa amewasumbua Wajerumani kwa miaka. Alikamatwa na kunyongwa mwaka 1895 pamoja na wenzake, na mahali pale pakaitwa Mwembe Kinyonga, jina ambalo watu wa Kilwa wanalo mpaka leo.

Mei 7, 1896, alitia saini amri ya kulinda wanyamapori, iliyotaka kibali cha kuwinda na kutenga maeneo mawili ya akiba, moja kando ya Mto Rufiji na jingine magharibi ya Kilimanjaro. Yeye mwenyewe alikuwa mwindaji mkubwa na aliona kwamba pembe zinakwisha. Pori la Rufiji, lililokuja kupanuliwa na Waingereza na kuitwa Selous, lina mizizi katika karatasi hiyo. Kwa wanakijiji waliozoea kuwinda ili wale, karatasi hiyohiyo iliwafanya majangili.

Hakudumu. Jeshi alilolianzisha mwenyewe lilikuwa na kamanda wake, Lothar von Trotha, na gavana hakuwa na amri kamili juu yake. Ni Trotha huyohuyo ambaye mwaka 1904 aliwaangamiza Waherero wa Namibia. Mgongano huo wa madaraka, pamoja na maradhi, ulimfanya Wissmann aondoke mwishoni mwa 1896. Nafasi yake ilichukuliwa na Eduard von Liebert, aliyeleta kodi ya nyumba, ambayo watu wengi wa bara waliilipa kwa jasho la kazi za serikali.

Mwaka 1898 wapima ardhi wa Uingereza na Ujerumani walipita kati ya Nyasa na Tanganyika kuweka alama za mpaka, palipokuwa na mto wakafuata mto na pasipo na mto wakasimamisha nguzo. Makubaliano ya mwisho yalitiwa saini mwaka 1901. Kuanzia hapo mtu wa Kasesya aliweza kuambiwa bila shaka ni wa nani. Familia ziligundua kwamba shamba liko kwa Mjerumani na kisima kwa Mwingereza, kodi mbili na mabwana wawili, na waliochoshwa na mmoja walihamia kwa mwingine kwa kutembea saa chache.

Wissmann alinunua nyumba na shamba huko Weissenbach, katika milima ya Austria, akaishi na mkewe na watoto wao. Mwaka 1900 alihudhuria mkutano wa London uliojadili kuhifadhi wanyama wa Afrika. Juni 15, 1905, alitoka kuwinda, bunduki yake ikafyatuka na kumuua. Alikuwa na umri wa miaka 51, akazikwa Cologne. Haukupita muda, kabla Agosti haijaanza, watu wa Matumbi waling'oa pamba ya serikali na Vita ya Maji Maji ikaanza.

Jina lake liliendelea kuelea majini. Meli ya pili, iliyopewa jina la mkewe, ilibebwa vipandevipande hadi Ziwa Tanganyika na kuanza safari mwaka 1900. Vita Kuu ilipoanza, meli ya mume ilikuwa ya kwanza kukumbwa: Agosti 13, 1914, meli ya Waingereza iliyoitwa Guendolen iliikuta ikiwa juu ya chelezo huko Liuli, Ziwa Nyasa, na nahodha wake hakuwa amepata habari kwamba kuna vita. Ya mke ilipigana zaidi. Siku tisa baadaye iliiharibu meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, na kwa mwaka mmoja na zaidi Wajerumani walitamba katika ziwa lote, hadi Februari 9, 1916, ilipozamishwa na Waingereza waliokuwa wamevuta mashua zao za vita kwa nchi kavu kupitia Kongo. Miezi minne baadaye Wajerumani waliihama Bismarckburg, na mahali pakarudia jina lake la Kasanga. Magofu ya boma bado yapo.

Sanamu yake ya shaba ilikuwa imesimamishwa Dar es Salaam mwaka 1909, yeye juu akiwa na upanga, na chini yake askari Mwafrika akifunika simba aliyekufa kwa bendera ya Ujerumani. Waingereza waliichukua hadi London kama ngawira, kisha Wajerumani wakairudisha kwao na kuisimamisha mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg mwaka 1922. Wanafunzi waliiangusha mwaka 1967. Ikarudishwa. Wakaiangusha tena mwaka 1968, na safari hiyo ikapelekwa stoo. Imetolewa mara chache tu tangu hapo kwa ajili ya maonyesho, mojawapo likiwa la Hamburg mwaka 2004 na 2005, ambapo watu waliulizwa ifanyiwe nini.

Miji kadhaa ya Ujerumani ilikuwa na barabara zenye jina la Wissmann. Iliyokuwa katika mtaa wa Neukölln, Berlin, ilibadilishwa jina mwaka 2021 baada ya mjadala wa miaka mingi. Sasa inaitwa Barabara ya Lucy Lameck, kwa heshima ya mwanamke wa Kilimanjaro aliyepigania uhuru wa Tanganyika, akawa Mbunge na waziri mdogo.